Shilingi ya sigara na saratani ya miaka ishirini ijayo

Kila mwaka mwezi Juni, jioni ya siku ya bajeti, vijiwe vya Moshi hutulia kidogo. Kiborloni, Pasua, kando ya stendi kuu, bodaboda huongeza sauti ya redio, na lazima atokee mtu wa kuuliza swali ninalolisikia tangu utotoni: "Sigara imepanda shilingi ngapi?" Waziri wa Fedha akishataja takwimu, kijiwe huguna, mvutaji mmoja huapa kwamba mwaka huu anaacha, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya petroli. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza swali la pili: hiyo nyongeza tukishailipa, inakwenda kufanya kazi gani?

Nina sababu ya kuling'ang'ania swali hilo. Baba yangu mdogo alianza kuvuta akiwa kijana wa gereji, na alivuta mpaka siku chakula kilipoanza kumkwama kooni. Kwanza ilikuwa nyama, ikaja machalari, mwisho hata mtori haukushuka. Ilikuwa saratani ya umio. Ukoo ulichanga kwenye kundi la WhatsApp, ng'ombe wawili wakauzwa, tukachanga tena ya nauli na dawa, na mchango wa mwisho ukawa wa msiba. Baadaye nilikaa na daftari la mweka hazina wetu. Kurasa kumi na moja za michango, na hakuna hata shilingi moja iliyotumika kabla hajaugua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba fedha za umma zisiguse tumbaku kwa kuwa kila mtu na mapafu yake, huwa namwambia kwamba umma unalipa tayari. Unalipa kwa michango, kwa shamba lililouzwa, kwa kitanda cha hospitali ya rufaa. Unalipa wakati ambao pesa haiwezi tena kununua kitu kikubwa.

Hesabu ya sigara moja

Kinachotangazwa siku ya bajeti ni ushuru wa bidhaa. Kwa sigara zinazotengenezwa kiwandani, ushuru huu hautozwi kama asilimia ya bei ya dukani. Hutozwa kwa idadi: shilingi kadhaa kwa kila sigara elfu moja. Tuchukue mwaka wa fedha 2017/18. Sigara yenye kichungi, ambayo zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku yake imelimwa nchini, ilipandishwa kutoka shilingi 28,024 hadi 29,425 kwa sigara elfu moja. Isiyo na kichungi yenye tumbaku ya ndani kwa kiwango hicho hicho ilipelekwa shilingi 12,447. Zilizobaki ziliwekewa shilingi 53,235.

Gawanya kwa elfu. Sigara ya kichungi ilibeba ushuru wa kama shilingi 29 na senti 42, na nyongeza yenyewe, ile iliyofanya kijiwe kigune, ilikuwa shilingi moja na senti 40. Sasa nenda kibandani, ambako sigara huuzwa mojamoja. Hakuna chenji ya shilingi moja na senti 40. Sarafu ndogo inayozunguka ni ya 50. Kwa hiyo ama bei inabaki palepale, ama inaruka shilingi 50 kwa mpigo. Ikiruka, sehemu kubwa ya hiyo 50 hubaki kwa wafanyabiashara waliopo kati ya kiwanda na kibanda, na mvutaji anaondoka akiamini kwamba serikali ndiyo imemkamua.

Ngazi zile tatu nazo zina tatizo lake. Ushuru wa sigara isiyo na kichungi ni chini ya nusu ya ule wa sigara yenye kichungi, basi mvutaji aliyebanwa na bei hushuka ngazi badala ya kuacha. Moshi anaouvuta ni uleule: kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Tena kiwango kilichowekwa kwa shilingi, kisipopandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, hupungua thamani chenyewe bila mtu kupiga kura. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ushuru wa bidhaa ufike angalau asilimia 70 ya bei ya rejareja. Sisi tuko mbali sana chini ya hapo.

Bei inatiliwa mkazo hivyo kwa sababu ndiyo njia iliyothibitishwa kuliko zote. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 5, na vijana hupunguza zaidi ya wazee. Si vigumu kuelewa. Baba mdogo, aliyekuwa amezoea kwa miaka thelathini, alikopa sigara kwa mangi wa dukani na kulipa mwisho wa wiki. Mwanafunzi wa sekondari anayeonja kwa mara ya kwanza hakopeshwi. Kodi humfikia kwanza yule ambaye bado hajanaswa, na huyo ndiye tunayemtaka.

Lakini hapo hapo panazaliwa lawama ambayo siwezi kuikwepa. Mvutaji maskini asiyeweza kuacha ataendelea kulipa, kila mwaka zaidi, na nikotini haimwachii nafasi ya kuamua kwa urahisi: huufikia ubongo ndani ya sekunde kama kumi, na mwili hujifunza kuidai. Kumpandishia bei bila kumsaidia kuacha ni kumtoza faini ya ugonjwa. Kodi yenyewe ni nusu ya dawa tu. Nusu ya pili ni pale shilingi ile inapomrudia.

Ugonjwa wa miaka ishirini, bajeti ya mwaka mmoja

Saratani ya mapafu kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 30 baada ya mtu kuanza kuvuta. Kijana atakayewasha sigara yake ya kwanza leo Unga Limited au Majengo, huenda ugonjwa ukamkuta katika miaka ya 2050. Bajeti, kwa upande wake, husomwa kila Juni, na mkurugenzi wa halmashauri hutoa taarifa kila robo mwaka. Mashine ikinunuliwa, inaonekana, na mgonjwa aliyetibiwa anaweza kusimama na kushukuru. Mtu ambaye hakupata saratani hana wodi aliyolazwa na hajijui. Basi kila fedha inapokuwa haba, kinga ndiyo inayokatwa kwanza, na mkataji anakuwa na sababu nzuri kabisa za mwaka huo.

Si kwamba faida zote ziko mbali. Moyo hupata nafuu mapema: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo unaotokana na sigara hushuka kwa karibu nusu. Uchunguzi wa madaktari wa Uingereza, uliowafuatilia kwa miaka 50 kuanzia 1951, ulionyesha kuwa mvutaji wa kudumu hupoteza kama miaka kumi ya maisha, kwamba anayeacha akiwa na miaka 50 hupunguza hatari hiyo kwa nusu, na anayeacha akiwa na 30 huiepuka karibu yote. Tuna wavutaji wengi wa miaka thelathini. Hao hawajachelewa.

Hata hivyo kwa saratani, saa ya ugonjwa na saa ya bajeti haziendi pamoja, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba sehemu ya kodi ya tumbaku iwekewe uzio. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe itaje kuwa fungu fulani haliingii kwenye kapu la jumla la Hazina kugombewa na kila wizara, bali linakwenda kwenye kazi iliyotajwa. Wazo hili tunalijua vizuri. Tozo ya mafuta inayolisha Mfuko wa Barabara ni fedha ya namna hiyo: anayechakaza lami ndiye anayeichangia, mwaka huu na mwaka kesho, bila kuomba upya.

Mfano unaotajwa zaidi uko California. Novemba 1988 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha nyongeza ya senti 25 za dola kwa kila pakiti, na sheria ikaamuru asilimia 20 ya mapato hayo iende kwenye elimu ya afya dhidi ya tumbaku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walipopiga hesabu ya mwaka 1989 hadi 2008, walikuta mpango ule ulitumia dola bilioni 2.4 na kupunguza gharama za matibabu kwa takriban dola bilioni 134. Kilichonigusa zaidi ya takwimu ni muda: miaka ishirini, fedha ikija kila mwaka. Wakati huo huo, mwaka 1998, majimbo 46 ya Marekani yalifunga mkataba na kampuni za tumbaku wa zaidi ya dola bilioni 200 zitakazolipwa kwa miaka 25. Pesa ilikuwa nyingi kuliko ya California, lakini haikuwekewa uzio. Sehemu kubwa ikaziba mapengo ya bajeti za majimbo, na kinga ikapata makombo.

Nani atashika mkoba?

California hiyo hiyo ilirudi kwa wapiga kura Juni 2012 na pendekezo jingine, safari hii dola moja kwa pakiti, kwa ajili ya utafiti wa saratani na kupunguza uvutaji. Kampuni za tumbaku zilitumia zaidi ya dola milioni 40 kulipinga. Katika matangazo yao hawakusema sigara ni nzuri. Waliuliza nani atasimamia fedha, kwa nini iundwe ofisi mpya, kwa nini pesa iruhusiwe kutumika nje ya jimbo. Pendekezo lilianguka kwa chini ya asilimia moja ya kura. Miaka minne baadaye, nyongeza ya dola mbili ilipita kwa kura nyingi.

Swali lao lilikuwa silaha, lakini ni swali halali. Texas mwaka 2007 iliidhinisha dola bilioni 3 kwa taasisi ya kupambana na saratani, na kufikia 2012 ikabainika kuwa ruzuku ya dola milioni 11 ilitolewa kwa kampuni moja bila kupitiwa na wataalamu kama utaratibu ulivyotaka. Utoaji wa ruzuku ulisimamishwa mpaka kanuni zikafumwa upya. Uzio ukiilinda fedha dhidi ya wanaotaka kuihamisha, unaweza pia kuificha machoni pa wanaotaka kuihoji. Sioni namna ya kuwa na mfuko wa kinga bila Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuufungua kila mwaka, na bila kuweka hadharani, wilaya kwa wilaya, nani alipewa nini.

Hazina nayo ina hoja yake: kila sekta ikijipatia uzio, serikali inabaki na mikono iliyofungwa siku ya mafuriko. Ni kweli, ndiyo maana fungu liwe dogo na la uhakika. Thailand tangu 2001 huongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa tumbaku na pombe, basi, na mfuko wao wa kukuza afya unaendeshwa kwa hiyo. Kenya, ng'ambo tu ya Namanga, kanuni zao za 2014 ziliwataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa udhibiti. Kampuni moja ya tumbaku ilizipinga mahakamani ngazi zote, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikazikubali kanuni. Kwetu, Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ipo tangu 2003, na Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku tuliuridhia 2007. Sheria inakataza kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18. Lakini ukaguzi ni mtu, nauli na posho, na sheria isiyo na fungu hubaki kabatini.

Saratani si sigara peke yake

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wa kupinga tumbaku huwa wanalipita haraka. Katika nchi yetu, sigara si chanzo cha kwanza cha saratani. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani Tanzania kuwa kama 40,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo husababishwa na virusi vya HPV. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2. Mfuko utakaojiita wa saratani kisha ukazungumzia sigara tu utakuwa umewapa kisogo mama zetu.

Ila udogo wa asilimia hiyo haunifanyi nilale. Ndio wakati wa bei nafuu. Nchi ambazo nusu ya wanaume wake walishanaswa zilihitaji miongo kadhaa na mabilioni kuwatoa. Sisi kazi yetu kubwa ni kuwazuia wasiingie.

Na subira ya aina hii tumeshawahi kuionyesha, tena mkoani hapa. Mwaka 2014 chanjo ya HPV ilianza kwa majaribio Kilimanjaro, kabla ya kwenda nchi nzima mwaka 2018. Wasichana waliochanjwa darasani walikuwa wanakingwa na ugonjwa ambao ungewafikia wakiwa mama wa miaka arobaini. Fedha ikatolewa, wauguzi wakapanda milima, na hakuna aliyedai kuona matokeo ndani ya robo mwaka.

Matibabu nayo hayawezi kusubiri. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, ilipofungua kituo chake cha saratani Desemba 2016, mgonjwa wa Rombo au Karatu alianza kupata dawa za saratani karibu na nyumbani. Kwa mionzi, watu wetu kwa miaka mingi walipanda basi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, wakiwa na maumivu na begi la nguo. Anayesema fedha zote ziende kwenye kinga hajakaa na mgonjwa ndani ya basi hilo. Ningekuwa na kalamu, ningeligawa fungu la mfuko kwa uwazi kati ya kinga na tiba, na kinga isiruhusiwe kuazimwa.

Katika kinga yenyewe, kinachosahaulika kuliko vyote ni kumsaidia mtu kuacha. Hakihitaji jengo. Kinahitaji muuguzi anayemuuliza kila mgonjwa kama anavuta, akamshauri kwa dakika chache, akampangia siku ya kurudi. Na dawa za kupunguza kiu ya nikotini, ambazo tangu 2009 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ningeanzia Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali iliyotibu kifua kikuu tangu enzi za ukoloni, ambako wanaapolo, wachimbaji wadogo wa tanzanite, kutoka Mererani hufika na mapafu yaliyojaa vumbi la mgodini. Vumbi lile la silika lenyewe husababisha saratani, na likikutana na moshi wa sigara hatari inazidishwa. Mtu yupo kitandani wiki nzima, amekuja mwenyewe, anakohoa na anasikiliza. Ni nafasi ambayo tangazo la redio haliwezi kuipata.

Kuna mkulima pia. Tumbaku hailimwi Kilimanjaro wala Arusha, basi ni rahisi kwetu kuhubiri. Kule Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, ndiyo ada ya shule, na ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ndio unaoendesha halmashauri, zahanati zikiwemo. Ufilipino walipopandisha kodi mwaka 2012, asilimia 15 ya nyongeza waliitenga kwa mikoa inayolima tumbaku, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikaenda kwenye bima ya afya. Matumizi ya tumbaku, yaliyokuwa asilimia 29.7 ya watu wazima mwaka 2009, yalishuka hadi 23.8 mwaka 2015. Wachagga walioshuhudia bei ya kahawa ikianguka, wakang'oa mibuni na kupanda migomba na nyanya, wanajua kwamba zao haliachwi kwa mahubiri. Linaachwa likipatikana soko la jingine.

Nimeuacha ugoro mwisho kwa sababu unatoboa karibu kila nilichokisema. Kodi hukusanywa kwenye lango la kiwanda, na tangu 2019 pakiti za sigara zina stempu ya kielektroniki ambayo mkaguzi anaweza kuisoma. Ugoro hauna lango. Unasagwa nyumbani, unachanganywa na magadi ambayo huifanya nikotini ipenye mwilini haraka zaidi, unauzwa kwa vipimo vidogo kwenye minada, Ngaramtoni, Weruweru, pembeni ya mbuzi na viatu. Wanunuzi wengi ni wazee wa Kimaasai na bibi zetu wa mlimani, watu ambao ukiwauliza kama wanatumia sigara watakujibu hapana, nao watakuwa wamesema kweli. Saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho zote zinahusishwa na tumbaku isiyo na moshi. Bei haitawafikia, wala onyo la kwenye pakiti, kwa kuwa pakiti hakuna. Kitakachowafikia ni muhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua Kimaasai au Kichagga, mwenye pikipiki na mafuta, aliyekaa mnadani kuanzia asubuhi, akiwaangalia watu vinywani na kumpa rufaa mwenye kidonda kisichopona au aliyeanza kukwamwa na chakula.

Kwetu baba mdogo alikwamwa na chakula miezi saba kabla hatujampeleka popote. Tulidhani ni vidonda vya tumbo.